Eda ya Mfaume

Mfaume alikuwa na jicho la kuwatambua wanaume wenye makosa. Wapo watu wanaojua embe bivu kwa kulibonyeza, na wapo wanaojua ng'ombe mgonjwa kwa kumwangalia pua. Yeye alikuwa akisimama stesheni ya Tabora, mgongo kauegemeza kwenye nguzo, akiitazama treni ya Kigoma ikishusha abiria, na kabla injini haijamaliza kuhema alikwishajua nani wa kumfuata. Kanuni yake ilikuwa nyepesi. Mwanamume aliyeshuka na doti moja ya khanga anampenda mkewe. Aliyeshuka na doti tatu alilala Kaliua.

Kaliua ndipo reli ya Mpanda inapoachana na ya Kigoma. Miaka ile ya Ujamaa abiria wa kubadilisha treni aliweza kukaa pale siku mbili nzima akingoja injini iliyoharibika huko mbele. Palipo na kungoja pana pombe, na palipo na pombe hapakosi wa kukuliwaza. Shirika la reli halikuwa na habari, lakini ucheleweshaji wake ulikuwa umempatia Mfaume ajira. Viongozi walikwisha kukatazwa na Azimio kuwa na mishahara miwili. Mfaume hakuwa kiongozi, na hakuwa na hata mshahara mmoja, kwa hiyo dhamiri yake ilikuwa shwari.

Asubuhi hiyo aliyemvutia ni kijana mrefu aliyekumbatia doti nne.

"Shikamoo, mzee," kijana alisema, maana Mfaume alikuwa amemzibia njia.

Mfaume alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na neno mzee lilimchoma. Lakini aliye kazini hanuni.

"Marahaba, mwanangu. Kaliua umelala siku ngapi?"

"Mbili. Umejuaje?"

"Na huyo aliyekupikia, alikuwa mrefu au mfupi?"

Doti moja ikaanguka chini. Mfaume akaiokota, akaipangusa vumbi kwa heshima, akamrudishia.

"Usiogope. Mimi si shehe wala si padri. Mimi ni mtu wa hospitali."

Hilo lilikuwa kweli kwa kiasi chake. Kabla hajahamia Tabora akitokea Kilosa, Mfaume alifanya kazi miezi kumi na moja katika hospitali moja, akifagia chumba cha kupimia damu, mpaka wakubwa walipogundua kwamba spiriti ya vidonda ilikuwa ikipungua hata siku ambazo hakuna majeruhi.

Kijana akaeleza, na akaeleza haraka kama mtu anayetapika. Jina lake Shaban, fundi cherehani wa Gongoni. Alikwenda Mpanda kumsalimia mjomba. Anaoa mwezi ujao. Na sasa, tangu jana, kila akijikuna anaona ni kaswende.

"Mwezi ujao!" Mfaume akashika kichwa. "Na bado umesimama hapa unazungumza?"

Akatoa mfukoni chupa ya maji mekundu. Dawa hiyo iliitwa Kata Mizizi. Ndani yake mlikuwa na asali ya miombo, ukwaju, na shubiri kidogo, kwa sababu Mfaume alikuwa na imani kwamba mtu haamini dawa isiyomkunja uso.

"Vijiko vitatu kutwa, siku tano. Siku ya sita usinisikilize mimi. Nenda hospitali ya serikali, upimwe damu, bure kabisa. Wakikuta kaswende, njoo unitemee mate hapa hapa, mbele ya stesheni masta."

Ni nani angekataa? Tapeli wa kawaida humwambia mtu asiende hospitali. Huyu alimsukuma aende. Shaban hakuwa na cha kulipa ila mikono yake, wakakubaliana suti moja, koti na suruali, kitambaa cha kijivu. Siku ya sita akapimwa, na siku ya saba akaja mbio na cheti cha muhuri wa serikali kinachosema damu haina kitu. Alimkumbatia Mfaume mpaka kofia ikaanguka.

Sasa tuseme ukweli, maana mpaka siku hiyo Mfaume mwenyewe hakuwa ameusema. Cheti kilikuwa halali na kipimo kilikuwa halali. Kilichokuwa haramu ni siku. Wakati akifagia kule Kilosa, Mfaume alimsikia mpimaji akimgombeza mgonjwa mmoja: "Gonjwa umelipata Jumamosi unakuja Ijumaa! Damu ya wiki moja inaniambia nini mimi?" Mgonjwa hakuelewa. Mfagizi alielewa, akaegemea ufagio wake, akafikiri. Kumbe ugonjwa ukiingia, damu hukawia kuuonyesha wiki kadhaa. Kumbe mtu akipimwa mapema atatoka msafi hata awe amejaa. Kumbe ukimpa maji ya ukwaju katikati, ukwaju ndio utakaosifiwa. Wajinga ndio waliwao, lakini hawa hata wajinga hawakuwa; walikuwa na haraka tu.

Wiki iyo hiyo Tabora ikapata habari kwamba Bi Kuluthumu wa Gongoni ameachwa. Alikuwa na nyumba ya urithi ya vyumba sita, tanuri la mikate lililolisha mtaa mzima, na cheko ambalo Mfaume alikuwa akilisikia kila akipita, na kila akilisikia alipunguza mwendo. Mume aliyemwacha, Mfaume hakuwahi kumwona wala kuuliza jina lake. Walisema yuko huko magharibi kwenye mambo ya mbao. Kwa hesabu za Mfaume, mume aliyekwisha kutoa talaka ni treni iliyokwisha kupita. Wanaume wengine walikuwa wakingoja eda iishe ndipo wapeleke posa. Mfaume aliwacheka. Anayewahi, alisema, ndiye apataye kiti cha dirishani.

Akavaa suti mpya, akachukua chupa ya asali, akaenda baada ya Alasiri. Alikaa barazani. Bi Kuluthumu alikaa ndani, nyuma ya pazia.

"Niko eda, Mfaume. Haifai kuposwa."

"Nani kaposa? Nimeleta asali ya kifua. Nimesikia unakohoa."

"Sikohoi."

"Basi ni ya kukukinga."

Cheko likatoka nyuma ya pazia. Ni lazima isemwe: Mfaume alianza kwa kuipenda nyumba, lakini siku ile alimpenda mwenyewe. Binti wa nyumba, Tatu, akatoka na sinia, akapiga goti, akamwamkia, akamwekea kipande cha mkate kilicho kikubwa kuliko alichostahili. Msichana mpole mwenye mwanya.

"Huyu naye naozesha mwezi ujao," Bi Kuluthumu alisema Tatu alipoondoka. "Na wewe si mtu wa hospitali? Hebu nisomee hiki. Mchumba wake kakileta mwenyewe, wala hakuombwa. Nimempenda kwa hilo."

Mkono ukatoka chini ya pazia na karatasi. Mfaume akaifungua. Jina: Shaban. Tarehe: ile ile aliyoijua.

Akauweka mkate chini. Watu thelathini na nane alikuwa amewauzia amani ya siku sita, na hakuwahi kufikiri kwamba nyuma ya kila mmoja kuna mtu anayepiga goti na sinia. Aliona haya. Kitu hicho hakikuwa kimemtembelea kwa miaka mingi, na hakujua akikalishe wapi. Akinyamaza, Tatu ataolewa na mtu ambaye damu yake haijasema neno. Akisema, biashara imekufa, na baraza hii hataikalia tena.

Akajaribu njia ya katikati, kama ilivyo kawaida ya wajanja.

"Cheti ni kizuri. Ila mwezi ujao nyota si nzuri. Wangesogeza mbele."

"Nyota za hospitali?"

"Mvua pia..."

"Mvua ya Julai? Mfaume, nina mikate motoni. Sema unalotaka kusema."

Akalitazama lile pazia. Ulimi uliowasomba wanaume wa reli nzima ukawa mzito kama gunia la mpunga.

"Bi Kuluthumu, wewe umekaa ndani kwa nini?"

"Nimekwambia, niko eda."

"Kwa nini hukuolewa siku ya pili yake?"

"Unauliza kama mtoto. Tumbo halisemi siku hiyo hiyo. Linangojwa mpaka lijulikane lina kitu au halina."

"Basi na damu ina eda yake. Miezi mitatu. Ukiiuliza kabla, inakujibu haina kitu. Haikudanganyi. Na yenyewe haijajua bado."

Wanawake wa Gongoni huhitaji kuelezwa mambo ya malipo ya ushirika mara tatu, kwa kuwa ushirika wenyewe hauyajui. Mambo ya eda hawahitaji kuelezwa mara mbili.

"Kwa hiyo karatasi hii ni ya mtu aliyepimwa ndani ya eda," Bi Kuluthumu alisema taratibu.

"Ndiyo hivyo."

"Na wewe umejuaje kwamba Shaban ana jambo la kungojewa? Humu hamkuandikwa alikotoka."

"Vijana, unajua, wanasafiri..."

"Suti hiyo kakushonea nani?"

Mfaume akaangalia kifua chake mwenyewe kwa mshangao, kama mtu aliyekuta mgeni nyumbani.

"Tabora nzima ni Shaban peke yake anayeshona matundu ya vifungo kwa uzi wa kijani," sauti iliendelea. "Na Shaban hamshonei mtu bure. Hata mimi mama mkwe wake alinitoza."

Ikabidi aeleze yote: nguzo, doti za khanga, safari zake mwenyewe za Kaliua kutafuta wateja, ukwaju, siku ya sita. Alingoja matusi. Alingoja hata maji ya moto. Badala yake alisikia mtu akivuta pumzi ndefu.

"Wangapi?"

"Thelathini na nane."

"Wote utawarudisha wapimwe tena, kila mmoja miezi yake ikitimia. Mpaka hapo asiguse mtu. Na wewe ni wa thelathini na tisa."

"Mimi! Mimi ni mfanyabiashara."

"Unakwenda Kaliua kutafuta soko. Ulilala wapi?"

Mfaume akaona ni bora aendelee na mkate.

"Nimekuongezea mmoja. Mtoto wa ami yangu, Yahaya, anachonga vitanda karibu na stesheni ya Kaliua. Sijui kama ni mteja wako, lakini damu yake haijulikani na roho yangu haijatulia. Huyo ndiye wa arobaini. Mlete, hata usiponisaidia lingine."

"Na baada ya miezi mitatu?" Mfaume aliuliza kwa sauti ndogo.

"Baada ya miezi mitatu eda yangu imekwisha na yako imekwisha. Kila mtu atajua lake."

Mfaume aliondoka akisikia ngoma za harusi, na hakuna aliyekuwa akizipiga.

Hapo ndipo mji ulipomshangaa. Mtu aliyekuwa akijipaka marashi mpaka nzi wanamkwepa, sasa hajipaki kitu. Hafiki kwenye pombe. Watu wa sokoni walipomtania, "Mfaume, kulikoni, uko eda?" alijibu, "Ndiyo," wakacheka mpaka wakashika mbavu, na hakuna aliyedhani ni kweli.

Kuwarudisha wale thelathini na nane kulitaka akili. Angewaambia, "Niliwadanganya," wangemvunja miguu kwanza ndipo waulize la kufanya. Kwa hiyo akawadanganya tena, safari hii kuelekea kwenye ukweli.

"Ndugu yangu, ile ilikuwa nusu ya dawa," alimwambia kila mmoja, akiinamia sikio. "Nusu ya pili hainywewi. Ni kukaa mbali na kitanda cha mtu yeyote miezi mitatu tangu siku ile ya Kaliua, halafu unapimwa upya. Ukiruka hapo, nusu ya kwanza inageuka sumu. Na ukiona kidonda, hata kama hakiumi, na hasa kama hakiumi, usingoje. Nenda siku hiyo hiyo."

Waliomwamini kwenye uongo hawakuwa na sababu ya kumkatalia kwenye haki.

Mfaume alimkuta Shaban kwenye cherehani, akiimba.

"Kidonda?" alisema kijana, akicheka. "Kipo kimoja, lakini hakiniumi. Nilijua ni dawa inatoa uchafu."

Mfaume alimshika mkono, akamvuta barabarani, kiatu kimoja mguuni na kimoja chini ya cherehani, mpaka kwa Getruda. Huyo alikuwa mpimaji wa damu wa hospitali ya serikali, mama wa Kikatoliki mwenye miwani minene, na kwa miezi sita alikuwa akijiuliza kwa nini wanaume wanamjia siku ya sita wakinuka ukwaju.

"Kumbe ndiye wewe," alimwambia Mfaume, akimpima kutoka juu mpaka chini. Kisha akamgeukia kijana. Hakungoja damu iseme, kwa sababu kidonda kilikwisha kusema. Akamwita mganga mkuu, Shaban akachomwa sindano za penisilini, akaambiwa atarudi kupimwa mpaka waridhike. Harusi ikasogezwa. Tatu alilia siku mbili, na siku ya tatu mama yake alimweleza yote, akaacha kulia akaanza kukasirika, jambo ambalo lilimfaa zaidi. Mfaume alipopita, Tatu akampa kipande cha mkate kama kile cha mwanzo. Alikila akiwa amesimama, na alitaka kulia.

Yahaya wa Kaliua ndiye aliyemtoa jasho. Alikuwa mtu mnene, mkimya, randa mkononi, na alikataa hospitali asubuhi, akakataa mchana.

"Kosa lako lina muda gani?" Mfaume aliuliza.

"Miezi minne imepita. Tangu hapo sijatoka hapa. Najuta tu."

"Minne! Wewe una bahati kuliko wote. Eda ya damu yako imekwisha. Kipimo kimoja tu, unajua lako."

"Nikijua, ndiyo iweje?"

"Huna mtu?"

Yahaya akapuliza maranda. "Yupo mmoja. Alisema hatanitazama usoni mpaka damu yangu ijulikane. Tukagombana, nikasema maneno ambayo nayajutia."

"Mwanamke mwenye akili!" Mfaume akaruka juu. "Wako wangapi wa namna hiyo? Mimi ninaye mmoja, naijua thamani yake. Ndugu yangu, mwanamke anayekuambia kapimwe hajakufukuza. Amekuachia mlango wazi. Twende, tiketi nalipa mimi."

Alisema mpaka sauti ikakauka. Alisema vizuri kuliko alivyowahi kuuza chupa yoyote, kwa sababu kila neno aliliamini. Yahaya mwishowe akafuta macho kwa mkono wenye vumbi la mbao, wakapanda treni, Mfaume akimbebea sanduku la vifaa. Kipimo chake kikatoka safi. Akamshukuru Mfaume, akapotelea mjini.

Ikabaki zamu ya Mfaume mwenyewe. Aliingia akipiga mluzi. Getruda akaisoma damu, akaisoma tena.

"Ina alama."

Mluzi ukakatika. "Alama ya nini?"

"Hapo ndipo penye kazi. Kipimo hiki hakiuoni ugonjwa wenyewe, kinaona kivuli chake. Kaswende ina kivuli. Lakini malaria nayo inaweza kuacha kivuli kinachofanana. Lete paji la uso." Akamgusa. "Unaungua, baba. Unatetemeka wala hujijui. Kunywa klorokwini, maliza dozi, urudi baada ya wiki mbili."

"Wiki mbili! Na huku?"

"Na huku unangoja. Si wewe unayewafundisha wenzako?"

Wiki mbili hizo Mfaume alizikaa kitandani kwake, mtaa wa Kachoma. Homa ilishuka siku ya nne, lakini hofu haikushuka. Kila akijikuna aliona ni kaswende. Aliwakumbuka wateja wake kwa majina, mmoja mmoja, na akaona kwamba hakuwahi kuwauzia dawa wala amani. Alikuwa akiwauzia njia ya kukimbia hali hii hapa, na sasa yeye hana wa kumuuzia. Alisali sala za siku hizo zote, hata zile ambazo hakuwa na uhakika wa rakaa zake.

Siku ya kumi na tano Getruda akampa karatasi. Kivuli kimeondoka na malaria. Damu safi, na siku zake zimetimia. Na wale thelathini na nane wote wamepita: wanne wametibiwa, waliobaki hawana kitu.

Mfaume akaenda nyumbani, akaoga, akavaa suti, akajipaka marashi kwa mara ya kwanza tangu eda yake ianze. Akachukua asali, akaenda Gongoni.

Pazia halikuwapo. Mlango ulikuwa wazi, na mbele yake, juu ya baraza, kilisimama kitanda kipya cha mninga, kipana, nakshi kichwani, bado kinanuka maranda. Nyuma ya kitanda akatokea mtu mnene.

"Ndugu yangu!" Yahaya akapaza sauti, akamkumbatia mpaka kofia ikaanguka. "Kuluthumu! Njoo umwone! Ndiye huyu aliyenitoa Kaliua!"

Bi Kuluthumu akatoka, hina mikononi. Kwa mara ya kwanza Mfaume alimwona uso wote bila pazia, na alikuwa mzuri kuliko alivyokisia.

"Ulisema ni mtoto wa ami yako," Mfaume alisema, Yahaya alipoinama kuokota kofia.

"Ni mtoto wa ami yangu. Baba zetu ndio waliotuozesha. Aliniandikia talaka moja kwa hasira, na amenirejea siku nne kabla eda haijaisha, mashahidi wawili. Ungekuwa mtu wa hapa ungejua. Ungeuliza, ningekwambia."

"Ulisema eda ikiisha..."

"Nilisema kila mtu atajua lake." Sauti yake haikuwa na kejeli. "Nilitaka arudi, Mfaume, ila sikutaka arudi na ugonjwa, na mimi asingenisikia. Nilihitaji mtu mwenye ulimi. Eda ni ya kungoja lijulikane lililopo. Wewe ulidhani ni foleni ya sukari."

Mfaume akafungua kinywa. Alikuwa na maneno ya kumtoa mtu sarafu ya mwisho, na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Hakuna hata moja lililofaa. Alichomoa cheti, akamkabidhi bila kujua kwa nini. Bi Kuluthumu alikisoma chote, mpaka muhuri.

"Safi," alisema. "Nimefurahi sana. Kweli nimefurahi."

Na alifurahi kweli, ilionekana machoni, na hilo ndilo lililomuuma Mfaume kuliko yote.

"Sasa, ndugu yangu," Yahaya alisema, akizunguka upande wa kichwani, "Mungu amekuleta kwa wakati wake. Peke yangu hakipiti mlangoni. Shika hapo miguuni, tukiingize chumbani taratibu, tusikwaruze nakshi."

Mfaume akaiweka asali chini. Akavua koti, akalikunja vizuri, matundu ya kijani yakatazama juu. Kisha akainama, akashika upande wa miguuni, akanyanyua.